Bwana wa Kofia Nyeusi

Jioni moja ya Oktoba 2015, jua likizama Louisville, Mugisho na dereva wake Pantaleo walitumwa kupakia picha ya ukutani iende Buffalo. Moja tu. Kwa Mugisho, aliyejisifu kila mahali kwamba alipandisha friji ghorofa ya tatu peke yake, hiyo ilikuwa dharau.

Picha ilichorwa Uingereza miaka mia mbili na hamsini nyuma. Jumba la mawe kilimani, ziwa, nyasi zilizonyolewa kama kichwa cha askari mpya. Katikati ya nyasi alisimama bwana mdogo kama punje ya mchele, kofia nyeusi, mgongo huku.

Simu ikalia. Adolphine, binti wa shangazi yake Mugisho, kutoka Columbus.

"Mama tunamuzika kesho saa sita," alisema. "Aliacha neno. Ni weye utaweka udongo ya kwanza."

Mama huyo ni Tantine Chimène, aliyemlea Mugisho kambi ya wakimbizi tangu ana miaka minne. Miaka miwili sasa, kila Jumapili, Mugisho alimwambia kwenye simu, "Nakuja, Tantine." Mwendo wa saa tatu na kitu kwa gari. Hakwenda. Kesho angeingia na uso gani?

"Kazi imenikatalia," akadanganya. "Patron hataki."

Pantaleo alimtazama. "Kesho saa sita tunapita Columbus. Nitasimama. Dereva ni mimi."

"Bon, mzee, maiti haiangalii saa." Mugisho akajipiga picha mbele ya lile jumba, kizibao chake cha kazi cha rangi ya machungwa kikiwaka. Kisha akamwinamia yule bwana wa kofia, akanong'ona kwa utani.

"Bwana mkubwa, nenda weye mahali yangu. Miye nitakulindia nyasi."

Alicheka peke yake.

Kesho yake saa sita, Columbus walipita bila kusimama. Pantaleo alimwita mara mbili. Mugisho alijifanya amelala. Hapo hapo pua yake ikanasa harufu... Udongo mbichi. Uliochimbwa sasa hivi.

Nyuma, ndani ya sanduku la picha, kitu kikagonga.

Mara moja.

"Umesikia?" Pantaleo akanong'ona.

"Ni barabara," akajibu Mugisho.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya viwanda vya Tonawanda, pale juu ya Buffalo, walipofungua sanduku sebuleni kwa mama wa kizungu aliyeinunua picha. Jumba lipo. Ziwa lipo.

Bwana wa kofia hayupo.

Mahali pake alisimama mtu mdogo kama punje ya mchele, amevaa kizibao cha machungwa, uso huku. Rangi yake kuukuu, imepasukapasuka kama picha nzima.

"Huyu... alikuwamo?" Mugisho akauliza.

"Ndiye aliyenifanya niinunue," alisema yule mama. "Mlinda nyasi. Hakuna anayejua jina lake."

Mugisho alifungua picha ya jana kwenye simu. Jumba, ziwa, nyasi. Yeye mwenyewe hayumo.

Akampigia Adolphine. Ule mdomo wote ulikuwa umeisha.

"Dada, nisamehe. Nilikudanganya. Tulipita hapo saa sita, sikusimama. Nilimwonea Tantine haya."

Kwa mbali, watu wa matanga walikuwa wanaimba.

"Hata leo unanichezea?" Adolphine akanong'ona. "Niko jikoni, nakuona kwa mlango. Uliweka udongo ya kwanza. Umelia kuliko sisi wote. Donc... mbona mkononi hauna simu?"

"Adolphine..."

"Na hiyo kofia. Tangu makaburini nakuambia uitoe."

"Adolphine, miye sina kofia."

Simu ikakatika. Mlangoni Pantaleo alimwita waondoke. Mugisho alisikia vizuri. Ila zulia chini ya viatu vyake lilikuwa limelowa, laini, linanuka nyasi zilizokatwa... na miguu haikunyanyuka.

Pantaleo alirudi Louisville peke yake. Ukimuuliza, anawasha redio.

Columbus, Mugisho yupo. Kila Jumapili anamfuata Tantine makaburini, anapangusa jiwe, anakaa hadi giza. Watu wanamsifu: kijana amebadilika, siku hizi hata kujisifu ameacha.

Kofia tu ndiyo haivui.