Taji Lililokwama

"Vua hilo taji tuongee," Fundi alisema, pini mbili zikiwa bado mdomoni.

"Ongea tu, nakusikia," Mtunzi alijibu, akijitazama kwenye kioo cha chumba cha kuvalia. "Ila kwanza nikazie. Nikipaza sauti linanishukia machoni."

Taji lenyewe lilikuwa kopo la rangi. Fundi ndiye aliyelikata na kulipaka dhahabu, kama alivyoshona mavazi yote ya kikundi chao cha maigizo. Jukwaani alikuwa malkia. Nje ya jukwaa alikuwa mchumba wa huyu bwana aliyeandika mchezo na kujipa nafasi ya mfalme.

Na mchezo ulikuwa mtamu, tusimnyime haki yake. Alichukua hadithi ya kale ya mfalme, malkia na mashujaa wapanda farasi, akawavisha suti na kuwapandisha pikipiki. Mfalme wake anachoka kuamrisha, anaamua taji lizunguke. Kila wiki mtu mmoja alivae, na neno la mwisho liwe lake. Kikundi kililipenda wazo hilo mpaka likawa sheria ya mazoezi. Kinyozi, aliyecheza shujaa, alivaa wiki yake. Mama mzazi wa Mtunzi, muuza tiketi wao, naye alivaa, akaamuru watu wapige mswaki kabla ya kuja. Kisha taji likafika kwa Mtunzi, likaota mizizi.

"Hii ni wiki yangu," Fundi alisema, akishona utepe wa mpira ndani ya taji.

"Baada ya onyesho, mpenzi. Sasa hivi lazima mtu mmoja aongoze."

"Na huo mwisho mpya? Malkia anapiga magoti, mfalme anabaki na taji lake?"

"Watazamaji wanataka mfalme mwenye nguvu."

"Watazamaji, au wewe? Uliandika mfalme anayegawa taji. Mimi nilimpenda aliyeandika vile. Kumbe hata zamu humpi mtu."

"Fundi, tafadhali. Kaza."

Akakaza. Akakaza haswa.

Kesho yake ukumbi ulifurika. Kabla pazia halijafunguliwa, Fundi alimtumia Mtunzi ujumbe wa simu: "Nitacheza kwa heshima ya wenzetu. Magoti sipigi. Pete yako iko mfukoni mwa joho lako. Tafuta malkia mwingine."

Mtunzi alikuwa ameshazima simu.

Mchezo ulikwenda vizuri mpaka mwishoni. Mfalme alisimama mbele ya malkia, jasho likimtiririka, akaingiza mkono mfukoni kutafuta leso. Kidole kikagusa pete. Akatazama mkono wa Fundi, mtupu.

"Piga..." alianza.

Aliogopa, na si woga wa kuigiza. Alijiona nyumbani peke yake na kopo la rangi kichwani, na Fundi hayupo.

"Mwanangu, sema basi," mama yake alimhimiza kutoka mstari wa mbele. "Watu wanakusubiri."

Mtunzi alishika taji kwa mikono miwili, akavuta. Halikutoka. Akavuta tena, masikio yakamkunjika.

"Limekwama," alinong'ona.

"Si wewe uliyeamuru nilikaze?" Fundi alijibu kwa sauti iliyofika mpaka nyuma. Ukumbi ukaangua kicheko, ukidhani ndivyo mchezo ulivyo.

"Nisaidie."

"Sikufikii. Wewe mrefu."

Basi mfalme akapiga magoti. Fundi, ambaye hakosi mkasi hata akiwa malkia, akautoa kwenye mkono wa gauni, akakata utepe na kulichomoa taji.

"Nimekukosea," Mtunzi alisema pale chini. "Wiki ilikuwa yako, nikaing'ang'ania. Livae wewe. Neno la mwisho ni lako. Ukisema niondoke, nitaondoka, ingawa nakupenda kuliko mchezo huu na mingine yote nitakayoandika."

Fundi akalivaa. Lilimkaa upande. Akamtazama mpaka Kinyozi kule nyuma akaanza kukohoa.

"Fungua mkono," alisema.

Pete ilikuwa kwenye kiganja, imelowa jasho.

"Nivishe. Na kesho unirudishie mwisho wa zamani."

"Mwisho wa zamani si ndio huu tunaoucheza?"

Fundi alijaribu kujizuia asicheke, akashindwa. Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi, na Mtunzi akamvisha pete.

Harusi ilifanyika ukumbi uleule, viti vimesogezwa kando. Bwana harusi alisimama na karatasi kibao za hotuba, akageukia meza ya wazazi.

"Mama, naomba niseme machache."

Mama yake alilisawazisha taji la kopo juu ya kilemba chake. Wiki ile lilikuwa lake, na hakuna aliyethubutu kubisha.

"Kaa chini, mwanangu. Zamu yako bado. Mkeo ana njaa."

Bwana harusi akakunja karatasi zake, akaketi, akamsogezea mkewe sahani.