Gasore Aliomba Aondolewe

Jumatatu hiyo Aurore alikuta unga kwenye meza yake ya kazi. Ulikuwa unga wa mahindi, mweupe, umetapakaa juu ya vitufe vya kompyuta kana kwamba mtu amekung'utia mikono hapo. Aliufuta kwa leso, akageuka kutundika mkoba wake. Alipogeuka tena, unga ulikuwa umerudi.

"Nani alikula kwenye meza yangu?" aliuliza.

Ushindi, msichana wa Kikongo aliyekaa kiti cha pili, alitikisa kichwa. "Hakuna mutu alikuya hapa. Mimi ndiye nilifungua mulango."

Walikuwa watatu katika chumba hicho cha ghorofani kule Kakiika, pembezoni mwa mji wa Mbarara: Aurore na Melchior, wote Warundi, na Ushindi. Kutwa nzima waliwapigia simu watu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale kuwauzia taa za sola. Bosi wao, Yonatani, aliwachukua kwa sababu wao wenyewe walitoka kambini na walijua kusema na watu wa huko. Namba aliziokota sokoni kule kambini. Aliwatuma wasichana wagawe vipande vya sabuni, na kila aliyepokea sabuni aliandika jina na namba yake kwenye daftari. Watu walidhani wanasaini kwamba wamepokea sabuni.

Aurore alivaa hedifoni. Kabla hajagusa kitu, kompyuta ilianza kupiga yenyewe. Kwenye kioo lilitokea jina: Gasore.

Alilijua jina hilo. Ijumaa alikuwa amempigia, na mtu huyo alimjibu kwa sauti ya uchovu: "Dada, niko ku mashine ya kusaga. Nimeomba mara tisa muniondoe mu kitabu chenu. Andika, minakuomba." Aurore akamjibu, "Nimeandika, baba." Hakuandika. Kioo kilikuwa na vitufe viwili, AONDOLEWE na APIGIWE TENA, na Yonatani alimfukuza yeyote aliyebonyeza cha kwanza mara nyingi. Aurore alibonyeza cha pili. Dakika kumi baadaye kompyuta ikampigia Gasore mara mbili mfululizo, simu ikalia weee, hakuna aliyepokea.

Sasa ilipokewa mara moja. Hakusikia "halo". Alisikia mashine ya kusaga inanguruma, karibu mno, kama imewashwa ndani ya fuvu lake. Halafu kitambaa kikichanika. Halafu mtu akilia kilio kirefu kilichokatika ghafla, na baada yake kitu chenye majimaji kikizunguka na kugonga, kikizunguka na kugonga. Alizing'oa hedifoni kwa mikono miwili. Sikio lake la kushoto lilikuwa linatoka damu.

"Ni waya mbovu tu," Melchior alisema. Alikuwa kijana wa maneno mengi, asiyeogopa kitu. Alizichukua hedifoni, akazivaa, akasema kwa mzaha, "Halo, mzee Gasore, taa zako ziko tayari."

Waya ulijivuta. Ulimzunguka kiganja, ukapanda kwenye kiwiko, ukamkaza kama kamba inayovutwa na ng'ombe, na Melchior aliburutwa juu ya meza, uso ukigonga kioo cha kompyuta, huku Ushindi na Aurore wamemshika kiunoni wakivutana na kitu wasichokiona, mpaka mfupa wa mkono ulipovunjika kwa mlio wa kuni kavu na mwisho wake mweupe ukatokeza nje ya ngozi. Hapo waya ukalegea.

Yonatani alipanda ngazi mbio. Alimtazama Melchior chini, akautazama ukuta. "Umeme ya hapa iko mubaya," alisema. "Ushindi, peleka yeye hospitali. Wewe Aurore, kaa chini. Kazi hapana simama."

Aurore hakukaa. Alichukua mkoba wake akaondoka, na kesho yake asubuhi alikuwa Nakivale akiulizia nyumba ya Gasore wa mashine ya kusaga.

Walimwonyesha nyumba yenye watu waliokaa matanga uani. Mjane, Goretti, alimpokea akidhani amekuja kutoa pole, akamsimulia kama alivyowasimulia wengine.

"Ijumaa alikuwa anamimina mahindi ya batu. Simu ikalia mu mufuko ya shati. Akaingiza mukono aikate, mukanda ya mashine ukakamata shati. Ukachukua mukono yote, mpaka ku bega. Akiwa chini, simu ikalia tena. Niliangalia. Namba ya bale ba taa, ba Mbarara."

"Hakuwahi kujaribu kuizuia?" Aurore aliuliza, na sauti yake mwenyewe ilimtisha.

"Alijaribu mingi. Alifunga ile namba, bakakuya na ingine. Akafunga ile ingine, bakakuya na ya tatu. Alienda kwa batu ba kampuni ya simu, bakamuondolea matangazo yao, lakini hawa ba taa ni batu bengine. Kuacha kupokea namba asiyojua hakuweza, mama. Wenye mahindi bote banamupigia na namba asiyojua. Ikabaki kubaomba. Kila siku anabaomba."

Aurore alipiga magoti kwenye vumbi. Alisema mbele ya watu wote kwamba sauti ya Ijumaa ilikuwa yake, na kwamba alimdanganya.

Goretti aliinuka taratibu, akauchukua mchi uliokuwa umeegemezwa ukutani, akampiga nao begani, akampiga tena mgongoni, akauinua mara ya tatu usawa wa kichwa. Mkono mwembamba ulimzuia. Alikuwa Mukarukundo, shangazi wa marehemu, bibi aliyejulikana kambini kwa kuombea watu waliopagawa.

"Ukiua huyu, nani atafuta jina ya mutoto yetu?" alisema. Kisha akamwinamia Aurore. "Amekuya kwenu, sivyo?"

"Amekuja, bibi. Amemvunja mtu mkono."

"Hajamaliza. Alikufa akiomba kitu moya, na mulimunyima. Twende."

Walifika Kakiika saa tisa mchana, jua likiwa kali barabarani. Kwenye ngazi tayari palinuka unga uliopata moto, na damu. Ushindi alikuwa amejikunyata chini ya meza, amejifunika masikio. Yonatani alimsimamia, hedifoni mkononi. "Piga," alikuwa anasema. "Wewe piga, ama toka." Kompyuta zote tatu zilikuwa zinapiga zenyewe, na jina lilikuwa moja.

"Bosi, nataka kumwondoa mtu mmoja," Aurore alisema.

"Hakuna kuondoa. Hii namba yote ni yangu. Nimetafuta mimi."

Kitu kile kilimjia, kana kwamba kilikuwa kinangoja neno hilo. Mlango ulijibamiza nyuma yao, viti vikaruka na kupasukia ukutani, vioo vya madirisha vikavunjika, unga ukamwagika kutoka darini hata wasionane vizuri, na katikati ya weupe ule Yonatani aliinuliwa miguu ikielea, mkono wa kulia umenyooshwa mbele kana kwamba umenaswa na mkanda ambao hakuna aliyeuona, akavutwa, akazungushwa, akagongwa kwenye meza, akazungushwa tena, akiita jina la mama yake, na kila mzunguko bega lake lilitoa mlio wa nguo mpya inayochanwa, huku Mukarukundo amesimama na Biblia kifuani akipaza sauti juu ya ngurumo: "Gasore, mutoto ya kaka yangu, ngoja. Anaandika. Ngoja uone anaandika."

Aurore alitambaa juu ya vioo vilivyovunjika mpaka kwenye kompyuta yake. Vidole vilikuwa vinateleza kwa damu. Alibonyeza AONDOLEWE.

Ngurumo ilipungua. Haikukoma.

"Bengine," Mukarukundo alimwambia. "Hakuwa peke yake aliomba. Bataye majina, asikie."

Akawataja. Kabanyana, aliyeomba mara nne. Modeste, aliyeomba akiwa mazishini. Mama mmoja wa karibu na kituo cha kupokelea wakimbizi wapya cha Kabazana, aliyeomba huku analia. Kila jina alilitamka kwa sauti, akalifuta, na kila alipofuta Yonatani alishuka kidogo, mpaka jina la mwisho lilipotoka akaanguka sakafuni kama gunia. Mkono wake ulikuwa umeshikiliwa na ngozi tu. Katika hedifoni zilizokuwa chini ilisikika pumzi ndefu ya mtu, halafu simu ikakatwa kutoka upande wa pili.

Madaktari waliukata mkono wa Yonatani siku hiyohiyo. Chumba kilifungwa. Aurore alirudi kambini, na siku za soko alikaa na watu akiwashikia simu zao moja moja: namba hii unaizuia hapa, ukiambiwa bonyeza moja usibonyeze, maana hapo unawajulisha kwamba namba iko hai, usiseme jina lako kwa usiyemjua, na usiandike namba yako kwa ajili ya sabuni. Goretti hakumsamehe, ila alimwacha akae kivulini mwa nyumba yake. Laini ya mumewe aliibakiza, kwa sababu wenye mahindi bado walimpigia.

Mwezi wa pili tangu msiba, simu hiyo ililia. Goretti alisikiliza, uso ukabadilika, akamkabidhi Aurore.

"Habari ya mchana," ilisema sauti changa ya msichana. "Ninapiga kutoka Bwizibwera. Naomba kuongea na Bwana Gasore."

Aurore alielewa. Majina aliyafuta kwenye kompyuta, si kwenye daftari. Hospitalini, kwa mkono uliobaki, Yonatani alikuwa ameliuza daftari la sabuni.

"Mdogo wangu, nisikilize," alisema polepole. "Huyo mtu amefariki. Andika aondolewe. Andika sasa hivi, mimi nangoja hapa."

"Bosi hapendi tukiandika hivyo, dada."

"Andika tu, nakuomba."

"Basi ngoja kidogo kwanza," msichana alisema. "Kuna mzee ameingia hapa, amejaa unga mwili mzima. Shikamoo mzee."

Aurore alimwita. Akamwita tena, kwa nguvu zaidi. Alisikia meza ikiburutwa, halafu msichana wa pili, mbali zaidi na simu, akiuliza kwa upole kwa nini mlango haufunguki.