Fimbo ya Msuku

Kwanza weka mkono kifuani uape. Sema, "Nikimwambia mtu, ulimi wangu ukauke." Haya. Mimi pia niliapa hivyohivyo kwa Tulinagwe, jirani yake Gloria, mbele ya sufuria lake la maharage, na kabla sijafika Mlowo nilikuwa nimeshawaambia wanawake wawili. Ulimi wenyewe huu hapa, mbichi kabisa. Basi sogea.

Gloria ni yule mjane wa Brayan, kule juu Ileje, anayepandisha watu kwenye kilele kirefu kuliko vyote vya upande ule. Jina la mlima silitaji, maana mwenyewe huitika. Tangu watu wa mjini waanze mtindo wa kupanda milima na kujipiga picha, kazi hiyo imeingiwa na macho ya watu. Na macho makali kuliko yote yalikuwa ya Enoka, mdogo wake marehemu. Mlima wa ukoo wetu, alikuwa akisema kilabuni, unashikwaje na mwanamke wa kuolewa? Lakini Brayan alimwachia mkewe kazi ile mbele ya wazee, na Gloria hakuwa na shamba lingine wala kazi nyingine. Akinyang'anywa mlima, anarudi kwao mikono mitupu.

Mlima una masharti yake. Hupandi bila fimbo ya msuku, ule mti wa porini wenye matunda, na fimbo si zako wewe, ni za mwenye mlima, mzee wa huko juu asiyeonekana. Ziko kumi na mbili, hazijawahi kulala nje ya nyumba ile. Mkishuka, kabla hujavua kiatu wala kunywa maji, unarudisha. Na kiongozi hapokei akikutazama. Anawapa mgongo, uso ameuelekeza mlimani, mikono nyuma, mnamwekea fimbo moja moja viganjani, naye anasema, "Imerudi."

Jumamosi ile walikuja watu saba kutoka Tunduma, mkubwa wao Yahaya, mwenye malori, na mmoja wao Naila, binti wa kaka yake. Enoka alikwenda nao kubeba mizigo. Walifika kileleni, wakapiga kelele zao, wakashuka na manyunyu. Gloria akawapa mgongo, akapokea. Fimbo ya saba ilikuwa nzito, imelowa, na ilinukia mkaratusi.

Alitaka kugeuka. Lakini hugeuki. "Imerudi," akasema, akaziingiza ndani, na ile harufu ikamfuata mpaka jikoni.

Wakati wa chai Naila aliinuka kuchukua sukari. Ko.

Akapiga hatua nyingine. Ko.

"We Naila, unagonga nini?" Yahaya akauliza.

"Sigongi kitu, baba mdogo." Mikono yake ilikuwa mitupu. Ila kwenye sakafu ya udongo, kando ya kila unyayo wake wa kulia, palikuwa na kitobo cha duara, kama mtu amechomeka fimbo.

Walipomtia kwenye gari alikakamaa kama gogo, na mdomoni mwake ikatoka sauti ya mzee, taratibu, ya mtu asiye na haraka: "Siondoki bila changu." Wale wengine hawakusubiri kuisikia mara ya pili. Waliondoka na gari, wakamwacha Yahaya na mtoto wake.

Jumapili mchungaji alikuja baada ya ibada, akaomba mpaka shati likamgandia mgongoni. Kila alipotua, ile sauti ilimwitikia "Amina" kwa adabu zote. Yahaya naye akasoma Ayatul Kursiyyu, akateleza sehemu moja kwa hofu, na ile sauti ikamsahihisha. Akafunga mdomo, akalia.

Jumatatu mchana ukungu ulishuka mzito. Gloria alikuwa akimenya viazi jikoni, Naila amelala chumbani, Yahaya kamshika mkono, na ndipo ile ko ikasikika nje, si ya Naila tena, nje, kwenye matope, ikija polepole kutoka upande wa mlima, ikapita mlangoni bila kubisha, ikazunguka nyumba, na pamoja nayo ikaja harufu ya majivu yaliyonyeshewa na manyoya ya mnyama aliyelowa, ikasimama nyuma ya ukuta ule ambao kwa ndani zimeegemezwa fimbo, na Gloria, kisu mkononi, akasikia kiganja kikiupapasa udongo kule nje na sauti ikihesabu, moja, mbili, tatu, bila haraka, mpaka kumi na moja, kisha kimya, kisha ikaanza upya, moja, mbili, na kila ilipofika kumi na moja ilinyamaza muda mrefu zaidi.

Ilipoondoka, Gloria alizivamia zile fimbo. Kumi na moja misuku. Ya kumi na mbili, mkaratusi uliopakwa masizi.

Hofu ilimtoka yote. Iliyobaki ilikuwa hasira, akamfuata Yahaya chumbani nayo.

"Fimbo yangu iko wapi? Nyie watu wa mjini hamwezi kuona kitu msikibebe?"

"Wallahi dada Gloria, sisi hatujachukua hata jani."

Naila akafumbua macho. Dakika ile alikuwa yeye mwenyewe, akanong'ona: "Dada, yule mbeba mizigo... alisema yangu ina ufa. Akanipa nyingine."

"Enoka!"

Tulinagwe anasema alilisikia jina lile mpaka kwake, na kwake ni ng'ambo ya kijito.

Lakini nani angepokea ushahidi wa binti mwenye jini? Na jioni hiyohiyo mjumbe akapita: kesho asubuhi mkutano, ofisi ya kijiji. Enoka ameomba.

Siku ya mkutano Enoka alivaa koti. Alisimama mbele ya mwenyekiti, Mzee Ambakisye, na kijiji kizima, akapanua mikono kama mhubiri.

"Niliwaambia au sikuwaambia? Mwanamke kashika mlima, mwenye mlima kashuka! Kahesabuni fimbo zake kama ziko kumi na mbili!"

"Shemeji," Gloria akasema, "nani amekwambia hazijatimia?"

"Aa, watu wanasema."

"Watu gani? Wataje!"

"Usinipigie kelele, shemeji. Mlima utaurudisha leo, mbele ya wazee."

Watu wakaguna. Wengine waligunia upande wake Enoka, nao siku hizi ukiwauliza wanasema walikuwa wanakohoa. Mzee Ambakisye akamgeukia Gloria. "Binti yangu, fimbo ya mwenye mlima iko wapi?"

Gloria alikuwa akitetemeka kwa ghadhabu mpaka kilemba kinacheza. Lakini sauti aliitoa laini.

"Imepatikana, mzee. Nimeichukua alfajiri hii pale ilipofichwa. Iko kwangu."

Ulikuwa uongo mtupu. Watu wakashusha pumzi, akina mama wakapiga vigelegele. Gloria hakuwatazama. Alimtazama mtu mmoja tu, na mtu yule, jasho likimchuruzika na baridi yote ile, alitupa jicho upande wa nyumbani kwake.

"Mwenyekiti, naomba kujisaidia kidogo," Enoka akasema.

"Nenda, shemeji," Gloria akajibu kabla ya mzee. "Usikawie."

Enoka alipokata kona, Naila, waliyekuja naye na kumlaza pembeni, akainuka kwenye mkeka. Ko. Ko. Ko. Akamfuata mikono mitupu, kwa mwendo wa mzee. Gloria akamfuata Naila, Yahaya akamfuata Gloria, na kijiji chote kikainuka nyuma yao kimyakimya, hakuna aliyekohoa.

Walimkuta ndani ya kihenge chake, mahindi yamemfika kiunoni, akifukua kama mbwa. Fimbo ya msuku ilikuwa imeshatoka, ameishika kwa mikono miwili, anaibusu kwa furaha ya kuikuta. Akainua uso. Akaona watu.

Alitaka kuitupa. Akakung'uta mikono, akaigonga kwenye ukuta wa kihenge, akauma kidole chake mwenyewe. Vidole havikufunguka.

Mbele ya kihenge Naila alikaa chini ghafla kama mtoto. "Baba mdogo, nina kiu," akasema kwa sauti yake, na Yahaya akamkumbatia.

"Shemeji," Enoka akalia, "shemeji Gloria, nisaidie, mikono yangu..."

"Waambie kwanza umeshika nini!" Gloria akamfokea. "Si una sauti wewe? Si ulikuwa unahubiri? Sema, wakusikie wote!"

Enoka akafumbua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mzee, taratibu, isiyo na haraka.

"Ameshika changu."