Mnyororo wa Maporomoko ya Shirakura

"Tai, unasikia?"

"Nasikia, mkuu."

"Kuna mtu anashuka kutoka kileleni na chupa ya sumu. Saa sita kamili mji wa Kanebara unafunguliwa maji ya bwawa la Shirakura. Akiimwaga bwawani kabla ya hapo, watu elfu tisa watakunywa."

"Sura yake?"

"Hatuna."

Onodera Chizuru alizima redio. Mama yake alikuwa mmoja wa hao elfu tisa.

Alipapasa bastola yake ya SIG Sauer chini ya koti la mvua, akaendelea kupanda nyuma ya wazee kumi na mmoja wa chama cha wapanda milima. Mbele yao jabali lilisimama wima juu ya bwawa, kando ya maporomoko. Njia ilikuwa moja tu: mnyororo wa chuma.

Juu ya jabali walisubiri wanaume wanne waliotaka kushuka. Mlimani, anayepanda ndiye mwenye njia.

"Polepole, bibi!" mmoja alitania. "Mlima hauhami."

"Nyamaza, kijana! Nilipanda hapa baba yako hajaota meno," Bibi Tamae, wa mwisho kati ya wazee, alijibu akihema.

Watatu walicheka.

Wa nne alitazama saa. Akatazama tena.

Wazee saba wamepita. Wanane. Kila mmoja aliinama, akashukuru.

Saa sita kasoro dakika kumi.

Wazee kumi.

Wa nne akaurukia mnyororo. "Pisheni!"

Kiatu chake kikamgonga Bibi Tamae kifuani.

Chizuru akajua.

Akiwa kwenye mnyororo chini yake, alimdaka bibi, akambana kwenye mwamba. Yule mtu akapita juu ya migongo yao kama nyani.

"Shika mnyororo, bibi. Usiachie!"

Chizuru akajirusha.

Alimwangukia mgongoni, ukingoni mwa bwawa. Kiwiko chake kikamvunja pua. Bastola ikamchomoka kotini, ikatumbukia majini. Kisu cha yule mtu kikamwingia Chizuru begani, kikatoka, kikarudi.

Mkono wa pili wa mtu yule ulikuwa ukifungua chupa. Kifuniko kilibakiza mzunguko mmoja.

Kisu au chupa?

Chizuru akaukamata mkono wa chupa kwa mikono yote miwili. Kisu kikaingia mara ya tatu. Akauzungusha ule mkono mpaka mfupa ukalia.

Vidole vikaachia, chupa ikabaki kwake.

Akampiga teke la tumbo. Mtu yule akayumba, akavuka ukingo wa chini wa bwawa, maji yanapoanguka tena, akaenda chali hadi kwenye miamba mita thelathini chini. Maporomoko yakameza ukelele wake.

Chizuru akakaza kifuniko, akawasha redio.

"Tai! Mzigo?"

"Ninao."

"Mtu?"

"Amekufa."

Alifunga bega kwa skafu. Kisha akaunganisha viganja, akainamisha kichwa kuelekea miambani.

Bibi Tamae, aliyekwisha kushushwa na wale wanaume watatu, alishangaa. "Unamwombea huyo muuaji, mwanangu?"

"Nimemuua mimi, bibi. Nani mwingine atamwombea?"

Akaitia chupa mfukoni, akashika njia ya kushuka.