Aliyeitika Njiani

Sherehe kila mtu anaisifu, lakini kesho yake nani anaitaja? Kesho yake ni masufuria yenye masizi, viazi vilivyoanza kuchacha, na mume aliyelala chali, pombe ya mahindi bado iko kichwani. Hayo yote Nelida alikuwa nayo. Na juu yake alikuwa na mtoto ambaye tangu jana hajafumba macho.

Yerson, mwanawe wa miaka mitatu, jana ndiyo kwanza alikatwa nywele tangu azaliwe. Walimkatia uani kwa Rufina, ng'ambo ya kijito. Rufina, mama yake wa ubatizo, alishika mkasi wa kwanza, wageni wakafuata, kila mmoja akaondoa kishungi. Watu walikula simbilisi wa kuchoma, wakalia kwa furaha. Nelida alicheza mpaka kiatu kikakatika. Halafu mjinga mmoja akalipua fataki karibu kabisa na kiti cha mtoto...

Tangu hapo, kimya. Hali, halii. Anautazama mlango tu.

"Roho yake imebaki kule," alisema Mama Justa, mama mkwe wake, akitafuna majani ya koka. "Imeshtuka, ikaruka. Usipoirudisha leo, huyu hafiki Jumapili."

"Mama, usiseme hivyo!"

"Nisemeje sasa, nikuimbie? Jua linazama hilo. Kamrudishie Rufina masufuria yake. Ukiwa unarudi, liburute shati la mtoto njiani, umwite. Kwa jina, umenisikia? Yerson. Likiwa zito, ujue kaja. Usigeuke nyuma mpaka umvishe."

"Si aende Teodosio?"

"Mwache alale. Mlevi yule ataita nini zaidi ya chupa?"

Nelida akaenda. Rufina alipokea masufuria, akaingia ndani.

"Yerson, njoo," alianza Nelida, shati likiburutika mavumbini. "Yerson, twende nyumbani."

Kimya. Upepo wa mlimani ulikuwa umekata. Alivuka kijito akiita, akapanda mwinuko akiita, na shati lilikuwa jepesi vilevile. Giza lilikuwa linaingia. Mungu wangu, na asipokuja je?

Akafika kwenye ukingo wa shamba la viazi.

Hapo huwa anapita haraka, kichwa chini. Hapo ndipo Teodosio alipomzika mtoto wao wa kwanza, aliyezaliwa usiku akafa alfajiri, kabla ya maji ya ubatizo, kabla ya kupewa jina. Hakuna msalaba, ni jiwe tu. Leo alisimama papo hapo. Jina la Yerson halikumtoka.

"Mwanangu," alilia. "Mwanangu, njoo kwa mama. Twende nyumbani."

Shati likawa zito.

Nelida nusura apige kigelegele. Nyuma yake alisikia nyayo ndogo, pekupeku... zinasita, zinayumba, za mtu anayejifunza kutembea. Kukaja harufu ya udongo mbichi. Na ya maziwa yaliyochacha.

"Mama..."

Hakugeuka. Alilia na kucheka mpaka mlangoni.

Alipomvisha shati, mtoto alishusha pumzi ndefu. Rangi ikarudi mashavuni. Akatabasamu!

"Bikira Maria, asante!" Mama Justa alipiga makofi. "Kaja huyo!"

Nelida alimpakata, akambusu kichwa chake kipya kisicho na nywele. Mtoto akajikunyata kifuani, akaingiza mkono chini ya sweta lake, akatafuta ziwa.

"Ala! Jitu zima!" Mama Justa alicheka. "Si uliacha siku nyingi wewe?"

Kisha kicheko kikamkatika.

"Nelida. Ulimwita kwa jina?"

Nelida alizidi kumkumbatia mtoto.

"Mwanangu, nakuuliza. Kwa jina?"

Hapo mlango uligongwa. Chini, usawa wa goti.

"Mama?" Sauti ilikuwa ya Yerson, na kile kithembe chake. "Mama, umeniacha kule."

Nelida aliruka. Mama mkwe akamdaka mkono.

"Ukifungua ni bure, ataingilia wapi? Kwake kumekaliwa," alinong'ona. "Mvue huyo shati. Mvue, ulitoe nje kwa mwenyewe. Haraka, kabla hajachoka!"

Nelida alishika kifungo cha kwanza. Akakifungua. Yule mtoto hakupigana. Alimtazama tu kwa macho ya Yerson, akaongea polepole, neno moja moja.

"Kule chini kuna baridi, mama. Nilijua utaniita."

Vidole vilimganda kwenye kifungo cha pili. Ni lini alimpakata huyu? Mara moja, usiku mmoja, na kulipokucha walimnyang'anya. Maziwa yalimtoka wiki nzima bila wa kumnyonyesha.

"Mama?" Nje, kilio kilianza.

"Vua!" Mama Justa alifoka. "Nelida, vua!"

"Nakuja, Yerson," alisema Nelida. "Nakuja, baba. Ngoja kidogo tu."

Lakini mkono wake mwingine ulikuwa unampapasa mgongo huyu wa mapajani, ambaye alikuwa anaanza kupata joto. Nje, nyayo ndogo zilishuka kizingiti zikaanza kurudi kijitoni, na kile kifungo cha pili bado amekishika.