Ukinyanyua, Umecheza

Cherehani ya mama ilikaa dirishani. Chini ya dirisha hilo watoto walicheza drafti. Kete zao zilikuwa vizibo vya soda. Mchezaji mmoja aliviweka vyake kifudifudi, mwenzake aliviweka chali.

Kaka mtu alikuwa moto wa kuotea mbali. Mtaa mzima haukumweza. Mdogo wake alikuwa msichana asiyeona tangu kuzaliwa. Walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Cha ajabu, kila alipocheza na kaka yake, Chiriku alishinda.

Siri ilikuwa ya mama. Alimkonyeza mwanawe, naye kaka akaziacha kete zake ziliwe. Mama alidhani huo ndio upendo.

Siku moja alikuja binti wa kinyozi. Chiriku akanyoosha mikono kuupapasa ubao. Vizibo vikateleza huku na huku.

"Ukigusa, umecheza!" binti akasema. "Na sasa umevuruga zote."

"Mbona kaka hanikatazi?"

"Kaka yako anakuachia tu. Kila mtu anajua."

Chiriku akageukia dirisha. "Mama, nilikuwa nashinda, au nilikuwa naachiwa?"

Cherehani ikanyamaza. "Nilitaka ufurahi, mwanangu."

"Basi sijawahi kushinda hata siku moja."

Tangu hapo hakutaka kusikia habari za drafti. Hakutaka kusikia habari za chochote. Chiriku wa kukaa kimya! Mama alishona huku moyo ukimuuma.

Jirani yao alikuwa mwalimu wa watoto wasioona. Alipokuja kujaribu gauni lake, aliuliza, "Kulikoni? Chiriku wetu kameza ulimi?"

Mama akamweleza yote.

"Dada yangu, huruma yako imepotea njia," mwalimu akasema. "Mtoto haombi kuachiwa. Anaomba kuona ubao."

"Ataonaje, mwalimu, na macho hana?"

"Hebu fumba yako."

Mama akafumba. Mwalimu akamwekea kizibo kiganjani.

"Hiki kimelalaje?"

"Chali. Nasikia meno yake kwa juu."

"Na hiki?"

"Kifudifudi. Juu ni laini." Mama akacheka. "Ala! Kumbe naona."

"Umeona kwa vidole. Kete zenu ni nzuri, hazina tatizo. Tatizo ni ubao unaoteleza, na hiyo sheria yenu. Ukigusa, umecheza! Ninyi mnautazama ubao mnavyotaka, hamna anayewauliza. Yeye kutazama kwake ni kugusa. Mnamwadhibu kwa sababu ametazama."

Mama aliona haya. Lakini haya haishoni nguo, akainuka. Alikuwa na utepe wa kunatana, ule wa kufungia viatu vya watoto: upande mmoja unakwaruza, wa pili una manyoya. Akakata vipande. Vya kukwaruza akavigundisha kwenye nyumba nyeusi za ubao. Nyeupe akaziacha tupu, ili kidole kijue kimefika wapi. Vizibo vya chali akavigundisha manyoya chini. Vya kifudifudi akavijaza karatasi kwanza, kisha akagundisha manyoya. Sasa kete iliyowekwa ilikaa, hata ikipapaswa.

"Nimtengenezee na wa kwake peke yake?" mama akauliza.

"Usifanye hivyo! Atacheza na nani? Huu huu uwe wa wote. Rangi mziache, wenye macho watazihitaji. Na kila mtu akicheza aseme ametoka wapi, amekwenda wapi, amekula nini. Kisha atoe mkono, mwenzake apapase."

"Na ile sheria?"

"Kugusa ni kutazama. Ukinyanyua, ndiyo umecheza."

Jioni ile Chiriku alibembelezwa hadi akakubali. Aliupapasa ubao wote polepole, pembe hadi pembe. Kaka yake alisubiri. Mama hakukonyeza mtu.

Kaka akamfunga vibaya sana.

"Nimefungwa!" Chiriku akaruka. "Mama, nimefungwa kweli!"

Hakuna aliyewahi kufurahia kushindwa namna ile. Na mdomo wake ukafunguka upya, nyumba ikajaa maneno.

Alicheza kila siku. Binti wa kinyozi alirudi, akafungwa, akaja tena na rafiki zake. Hatimaye ikafika siku ambayo kaka alijikuna kichwa kwa muda mrefu, akakosa pa kupita.

"Umeniachia?" Chiriku akauliza kwa sauti ndogo.

"Nikuachie wewe? Panga kete upesi, turudie!"

Mama alijaa fahari hadi akashindwa kutunga uzi. Alitamani kutoa kichwa dirishani aitangazie barabara nzima: yule ni mwanangu, na ameshinda mwenyewe. Badala yake aliiacha cherehani, akaketi mbele ya ubao.

"Haya, bingwa. Cheza na mimi."

Walicheza. Mama akanyanyua kete, akaona mtego, akairudisha taratibu mahali pake. Alidhani hakuna aliyejua.

"Mama," Chiriku akasema, "utepe umelia kraa. Nimeusikia. Ukinyanyua, umecheza."

"Mwachie mama," kaka akasema, akakonyeza kama mama alivyozoea, akasahau kwamba mdogo wake haoni.

"Haachiwi mtu hapa," Chiriku akajibu, akamla mama yake kete mbili.