Mistari Minne ya Chiriku

Chiriku hakuona. Alikuwa mwepesi wa macho na mwepesi zaidi wa ulimi, ndiyo maana wenzake wakambandika jina hilo. Lakini Jumatatu ile alipobonyeza kitufe cha kuhifadhi kazi, faili zima lilibadilika mbele yake, naye hakuona.

Ilikuwa siku ya klabu ya kompyuta kama siku nyingine. Baada ya vipindi, wanachama walivua viatu mlangoni, wakaondoa vitambaa vilivyofunika mashine, kisha wakangoja. Kungoja kulikuwa sehemu ya kazi, kwa maana kompyuta za shule zilikuwa kuukuu na ziliwaka kwa kusitasita, kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamtosha.

Klabu ilishiriki kutengeneza programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake, yale maagizo iliyoandikwa kwayo, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuusahihisha na kuwarudishia wenzake. Ilikuwa programu ya kusomea vitabu. Mdogo wake Chiriku, mwanafunzi wa darasa la nne shuleni hapo hapo, aliitegemea kwa sababu macho yake yalikuwa dhaifu. Alisoma vizuri pale tu herufi zilipokuzwa zikawa kubwa kama kidole gumba. Hata hivyo, programu hiyo ilikuwa na kasoro: kila ilipofungwa, ilisahau ukubwa huo. Kila asubuhi mtoto alilazimika kumwomba mtu amkuzie herufi, na hakukosekana wa kumwambia, "Haya, mzee wa miwani kaja tena."

Toleo jipya la programu lilikuwa likamilishwe Ijumaa. Marekebisho ambayo yangechelewa yangesubiri muhula mwingine, na mwalimu wa kompyuta hakuruhusu mashine za shule kuwekwa toleo lingine la programu hiyo isipokuwa lile rasmi.

"Dada, utawahi kweli?" mdogo wake alikuwa amemwuliza asubuhi, wakifunga kamba za viatu.

"Mimi tena? Hesabu imekwisha hiyo."

Siku hiyo Chiriku alikuja na kihariri kipya, programu ya kuandikia msimbo, alichonakili kwenye flashi kutoka kwa binamu yake aliyeajiriwa kuunda programu. Kilikuwa na skrini nyeusi na maneno yenye rangi za kila namna. Kando yake aliketi mvulana waliyemwita Babu, kwa kuwa alipenda kutembea mikono mgongoni na kukohoa kabla ya kusema.

"Kimefunguka?" Babu aliuliza.

"Kinajiandaa."

"Kinaoga au ndiyo kinavaa?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Chiriku akabetua midomo. "Cheka tu. Hicho chako ni cha chekechea. Hata rangi hakina."

Babu alikohoa. "Rangi siili mimi. Kinafunguka upesi, na kinanionyesha nilichobadilisha. Basi."

Kihariri kilipofunguka hatimaye, Chiriku aliitafuta kasoro na kuipata. Kwa kweli alijua kazi. Aliandika mistari minne, akajaribu programu, akaifunga na kuifungua tena; herufi zikabaki kubwa. Akahifadhi, akatuma kwa mlezi wa mradi, mama aliyeishi mbali ambaye ndiye aliyepokea au kukataa kazi ya kila mchangiaji, akaenda nyumbani na kumwambia mdogo wake ajiandae.

Jumatano jibu likaja. Chiriku alilisoma mara mbili, asiamini.

"Binti, asante kwa juhudi. Kwa bahati mbaya siwezi kuipokea kazi hii. Faili zima limebadilika, zaidi ya mistari elfu moja, nami sioni marekebisho yako yako wapi. Tafadhali irudie."

"Elfu moja!" alimaka. "Mwalimu, huyu mama ananionea. Nimegusa mistari minne tu!"

Mwalimu wa kompyuta alisogeza kiti. "Ulitazama mabadiliko yako kabla ya kutuma?"

"Nilitazama, mwalimu."

Mwalimu alishika kipanya, akaanza kulitafuta faili lenyewe. Chiriku akatazama chini, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hapana, mwalimu. Sikutazama. Nilikuwa na haraka."

"Ahsante kwa kusema kweli. Sasa tutazame pamoja."

Akafungua faili la zamani upande mmoja na lile jipya upande wa pili. Kila mstari ulikuwa umesogezwa. Mirefu ilikatwa, mifupi iliunganishwa. Ndipo mwalimu akaeleza kwamba binamu alikuwa amekipangia kihariri chake kipange upya msimbo wote kila unapohifadhiwa, kwa mtindo wanaoutumia kazini kwao. Huko kilisaidia. Hapa, ambapo mamia ya watu walishirikiana kwa mtindo mwingine, kilikuwa kimefunika kazi ya Chiriku.

"Ni kama umepewa shati ushone kifungo," mwalimu alisema. "Wewe umelifua, umelipiga pasi na kulikunja upya. Mwenye shati atajuaje kifungo umeshona wapi? Na atajuaje hukukata mkono?"

Chiriku akamgeukia Babu. "Nipishe hapo kwako, tafadhali. Unifundishe."

"Kwenye kile cha chekechea?"

"Babu, usinimalize. Mdogo wangu ananisubiri."

Babu hakutania tena. Alimpisha kiti, akasimama nyuma yake mikono mgongoni. Chiriku alichukua faili safi, akaandika upya mistari yake minne, kisha Babu akamwonyesha dirisha la mabadiliko. Lilionyesha minne, na mmoja zaidi: mstari wa mwenzao ambao kidole cha Chiriku kiliufuta kwa bahati mbaya.

"Umeona?" Babu alinong'ona.

"Nimeona." Aliurudisha mstari huo, akahesabu tena, ndipo akatuma.

Ijumaa asubuhi mlezi wa mradi alijibu kwa neno moja: "Imepokelewa."

Wanachama walipiga makofi, na mmoja akauliza, "Kwa hiyo, mwalimu, sote tutumie kihariri cha Babu?"

"La," mwalimu alijibu. "Kihariri cha binamu si kibaya, kimepangiwa kazi nyingine na mashine nyingine. Ukichagua chombo, usiulize kwanza kinapendezaje. Uliza kama kinaifaa kazi yako na watu mnaoshirikiana nao. Na hata kikiwa bora kuliko vyote, kazi inayotoka mkononi mwako ni yako. Itazame kabla hujamkabidhi mwenzako, na ukiulizwa kama uliitazama, sema kweli."

Tangu juma lile, kila mwanachama hutumia kihariri anachokitaka, lakini hakuna anayetuma kazi kabla mwenzake hajaketi kando yake wakaisoma pamoja mstari kwa mstari. Naye mdogo wake Chiriku hufungua kitabu chake asubuhi mwenyewe, bila kumwomba mtu.